Vocha ya Maua

Waraka ulishuka kutoka ghorofa ya tisa
saa mbili na robo, ungali na joto la mashine:
Kubana matumizi. Utekelezaji mara moja.
Tuliusoma tumesimama, kama watu wanaosomewa wosia
wakijua shamba lilishauzwa.

Kilichobanwa kwanza ni sukari.
Bi Sikudhani wa chai akaambiwa vijiko viwili viwe kimoja,
maziwa Ijumaa tu,
na andazi kila mtu aje na lake.
Akaitikia "haya", akafunika kopo,
akalikaza na mpira juu,
kana kwamba sukari ndiyo iliyokuwa ikitoka usiku
na gari la ofisi.

Kisha taa za korido. Kisha ile feni ya masjala
iliyozunguka miaka sita ikilalamika kwa niaba yetu.
Mlinzi Kibwana akanyimwa betri za kurunzi;
sasa analinda mabilioni kwa tochi ya simu,
kwa chaji ya nyumbani kwake Buguruni.

Mimi ni wa vocha.
Meza yangu iko nyuma ya kabati la chuma, Mtaa wa Samora,
dirisha linatazama ukuta na kiyoyozi kinachodondosha maji.
Shilingi yoyote ikitaka kutoka
lazima ipite kwangu kuaga.
Ya ufagio huaga kwa haya.
Ya semina elekezi haiagi, hupiga honi.

Ndipo ikaja vocha ya maua.
Okidi nyeupe, ghorofa ya tisa, chombo kimoja cha kioo,
kila Jumatatu.
Laki tatu na themanini.
Maelezo: kudumisha taswira ya taasisi.
Nikaiweka kando. Nikanywa chai ya kijiko kimoja.
Nikairudia.

Maua siyachukii.
Ila asubuhi ile ile, dirisha namba tatu,
alisimama Bi Mwanakombo wa vitumbua, Mtoni kwa Aziz Ali,
na mfuko mweusi wa sarafu za mia na mia mbili.
Zina mafuta, zinateleza;
keshia anazifuta kwanza ndipo azihesabu.
Elfu kumi na moja na mia nne.
"Mwezi jana mlinikata elfu mbili na mia tano. Ya nini?"
"Ya uendeshaji, mama."
"Mnaendesha nini?"
Foleni ikacheka. Yeye hakucheka.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Hatukufundishwa kuuliza
kibaba kikishajaa
kinapandishwa lifti kwenda wapi.

Nikauchukua waraka wenyewe, ule ule wa sukari,
kifungu cha nne: matumizi yasiyo ya lazima, pasipo kujali ngazi.
Aliyeandika huenda alidhani ngazi ni zile za kupandia.
Nikaandika kwa wino mwekundu:
Imerejeshwa. Tazama kif. 4.
Nikagonga mhuri.

Saa saba akaja Bwana Mutalemwa mwenyewe.
Hakuketi.
"Aikande, unajua haya ni maua ya nani?"
"Ya Bi Mwanakombo."
Hakumjua. Akaikunja karatasi mara mbili, akaifungua,
akaondoka nayo bila kusema anaipeleka wapi.

Jumatatu iliyofuata sikufukuzwa wala sikupongezwa.
Chombo kilikuwa kitupu, dada wa usafi aliniambia.
Jumatatu ya pili kilikuwa na tawi la bogonvilia
lililochumwa kwenye uzio wa maegesho,
limelala upande, na vumbi lake.

Semina ya Zanzibar ilipita Alhamisi.
Ilikuwa na saini tatu, zote kubwa kuliko yangu.
Niliiona ikipita.

Bi Sikudhani akaniwekea kikombe mezani,
akatazama mlango, akatoa kikaratasi kwenye upindo wa khanga,
akakung'uta kijiko cha pili.
"Hiki ni cha kwangu," akasema.
"Usikiandike."